Salamu kwa Mama Mkwe Aliyeko Mbinguni

Mama Wanga hakuwa mchawi, ingawa wageni wa mtaa walipolisikia jina lake walihamia upande wa pili wa barabara. Alikuwa dobi. Jina alilipata kwa sababu ya wanga aliokuwa akiutia kwenye kola za mashati, zikatoka ngumu kiasi kwamba karani mmoja alikuja kulalamika kola imemkwaruza shingo alipogeuka kumtazama mwanamke asiye mkewe. Mama Wanga alimjibu kwamba basi kola imefanya kazi yake.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa kijani. Ndani kulikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, pasi mbili za umeme, na moja ya mkaa kwa siku ambazo umeme ulijiamulia kupumzika. Nyuma, uani, kulikuwa na mabeseni saba na kamba nne za kuanikia zilizokwenda kutoka ukuta hadi ukuta. Alikuwa amefanya kazi hapo miaka thelathini na mmoja. Kwa kunusa shati tu aliweza kujua mwenye shati alishinda wapi wiki nzima, na alikuwa na adabu ya kutosema, isipokuwa akiulizwa.

Kila Jumapili alikwenda kanisani na mumewe, fundi wa kufuli, mtu mpole aliyekuwa mzee wa kanisa. Mama Wanga alimpenda Mungu kama mtu anavyompenda mwajiri mzuri. Alimheshimu, alimshukuru, hakumwibia muda, na hakuwa na haraka yoyote ya kwenda kuishi nyumbani kwake.

Mbinguni kwenyewe alikuwa na mashaka nako. Barabara za dhahabu aliona zitateleza. Kuimba milele hakukumvutia, kwa sababu mwalimu wa kwaya alikwisha kumwomba, kwa upole mwingi, amtumikie Bwana kwa mikono. Kuhusu umati ule usiohesabika, wote wakiwa wamevaa nyeupe, yeye aliwahi kuwauliza akina mama wa jumuiya ni nani anayezifua. Walimwambia huko hakuna uchafu. Akasema, sawa, lakini nyeupe ni nyeupe, hata ukiikunja kabatini bila kuivaa inageuka njano.

Hayo yote, hata hivyo, yalikuwa maneno ya juu juu. Sababu yenyewe ilikuwa mama mkwe.

Mama mkwe aliishi nao miaka kumi na tisa. Hakuwa mgomvi, hakutukana, wala hakumsema mkwe wake kwa majirani. Alifanya jambo moja tu. Kila siku, baada ya chakula cha mchana, alikwenda uani nyumbani, akaanua nguo ambazo Mama Wanga alikuwa amezifua asubuhi, akazitumbukiza kwenye beseni na kuzifua upya. Zote. Mashati, mashuka, hata vitambaa vya jikoni. Kisha akazianika tena, akakaa kando yake na kukohoa.

Ukitaka kumtukana dobi, hakuna tusi zaidi ya hilo. Mashuka ya hoteli mbili yalipita mikononi mwa Mama Wanga na hakuna aliyewahi kurudisha hata foronya, lakini nyumbani kwake nguo zake zilifuliwa mara mbili, na majirani wakiona. Alinyamaza miaka kumi na tisa, kwa sababu alilelewa asimjibu mkubwa. Maneno yote aliyoyameza yalimkaa humo humo.

Kisha mama mkwe akafariki, akiwa ametubu, ameombewa, na ametabasamu mwishoni mbele ya mashahidi sita. Hakuna aliyekuwa na shaka amekwenda wapi. Mama Wanga naye hakuwa na shaka. Tangu siku hiyo ilipita miaka kumi na miwili, naye alipopiga hesabu aliona kwamba mwanamke yule, kwa namna alivyomjua, kwa sasa atakuwa ameshashika usimamizi wa kila kitu huko.

Ndipo kanisa likapata mchungaji mpya, kijana wa rika la mtoto wake wa kwanza, mwenye miwani na bidii. Baada ya miezi miwili alitangaza kwamba washarika wake wanaimba kuhusu mbinguni kama watu waliokwisha kufunga mizigo, lakini wakiugua mafua tu wanaomba kama watu wanaofukuzwa kwenye nyumba. Akasema mwezi mzima watajifunza kutamani kwenda huko, kwani hamu hiyo haiji yenyewe, inalelewa. Kila mtu alipewa kadi nyeupe aandike anatamani nini mbinguni. Hakuna kuweka jina. Kadi zingesomwa Jumapili ya mwisho.

Kadi ya Mama Wanga ilisahaulika mfukoni mwa aproni, na aproni ikaingia kwenye beseni la kulowekea. Jumapili ya mwisho, dakika chache kabla ya kutoka nyumbani, alitafuta karatasi yoyote kwenye mkoba wake, akaandika kwa haraka, akaikunja mara mbili. Kikapu cha kukusanyia kadi kilipopita, akaitumbukiza.

Aliyesoma alikuwa katibu wa kanisa, mama mwenye sauti safi ambaye hakuwahi kuruka neno lolote katika maisha yake. Alisoma kadi ya mtu anayetamani kuuona uso wa Mwokozi. Alisoma ya mtu anayetamani kupumzika. Alisoma ya mama aliyetamani kumshika tena mtoto wake, na watu wakatoa leso. Kisha akafungua karatasi iliyofuata na kusoma kwa sauti ile ile:

"Natamani kujua kama mbinguni kuna mtaa wa pili, mbali na mama mkwe wangu."

Alikuwa amefika mwisho kabla hajaelewa alichokisoma. Na kwa kuwa ni mtu wa kumaliza kazi, aliigeuza karatasi, akasoma na upande wa nyuma: "Namba arobaini na mbili. Suruali mbili za kijivu. Usitie wanga."

Kanisa zima lilicheka. Waliokuwa wakilia walicheka zaidi ya wengine, kwani leso zilikuwa tayari mkononi. Mpiga kinanda aliegemea kinanda kikatoa mlio mrefu. Watu wawili tu hawakucheka. Mmoja ni Mama Wanga, aliyekuwa anatazama viatu vyake. Wa pili ni mumewe, aliyekaa pembeni yake akiwa amevaa koti lake la mzee wa kanisa, mtoto wa marehemu.

Walirudi nyumbani kwa miguu bila neno. Fundi wa kufuli hakuwa msemaji hata siku za kawaida, lakini safari hii alijifunga kabisa. Alisema "asante" baada ya chakula na "haya" wakati wa kulala. Siku nne.

Alhamisi asubuhi mchungaji alikuja dukani. Mama Wanga alikuwa anapiga pasi shuka la hoteli, naye hakuiacha pasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mchungaji. Kama umekuja kunitenga na kanisa, subiri nimalize hili, linakauka."

"Sikuja kukutenga." Alikaa kwenye benchi la wateja, katikati ya vifurushi viwili. "Nimekuja kuuliza kama ulikuwa unatania."

"Sikutania. Uliomba tuandike ukweli."

"Niliomba."

"Basi." Aliligeuza shuka. Kisha akamweleza, kwanza kwa kifupi, halafu kwa urefu, halafu na mabeseni na majirani na kukohoa. Alipomaliza, shuka lilikuwa limepigwa pasi mara tatu. "Sasa niambie, Mchungaji. Mimi niache duka langu, ambapo hakuna anayegusa kazi yangu, niende mahali ambapo yule mama ananisubiri na beseni. Milele. Hapo nitamani nini?"

Mchungaji alivua miwani akaifuta kwa shati. "Mama, mimi nina jibu nililojifunza chuoni, lakini mama mkwe wangu anakuja kesho kukaa wiki tatu, na tangu nipate habari hiyo jibu lenyewe silioni vizuri."

Mama Wanga alimpenda kuanzia siku hiyo.

Kabla ya kuondoka, mchungaji alimwomba jambo. Mwalimu wa jiografia, mzee aliyefundisha karibu nusu ya mji, alikuwa amelazwa nyumbani. Ini lilikuwa limekataa, na daktari alitaja wiki, si miezi. Binti yake alishinda kazini, na mashuka yalikuwa tatizo. Je, Mama Wanga angeweza kupita huko mara mbili kwa wiki kuyachukua?

"Ni adhabu hii?" Mama Wanga aliuliza.

"Ni mashuka," mchungaji alisema.

Chumba cha Mwalimu kilikuwa na kitanda, kabati, kiti kimoja, na ramani ya dunia iliyopauka kwa jua mpaka bahari zikawa na rangi ya maziwa. Mwalimu mwenyewe alikuwa amebaki mifupa na macho, lakini macho yalikuwa mazima.

"Shikamoo Mwalimu. Nimekuja kuchukua mashuka."

"Marahaba. Wewe ndiye wa suruali mbili za kijivu."

Mama Wanga aliweka kapu chini. "Umesikia."

"Nimeletewa habari hiyo na watu watano. Siku hizi wanaokuja kumwona mgonjwa hawaleti machungwa tena." Alicheka, akaumia. "Usinikasirikie. Ni kadi pekee iliyokuwa na jiografia ndani yake. Mtaa wa pili. Umbali. Wengine wote waliandika mawingu."

Alimsaidia kugeukia upande mmoja, akatoa shuka la chini, akatandika jipya, kama anavyojua mtu aliyeshika mashuka ya watu maisha yake yote. Mwalimu alimtazama kwa makini.

"Mimi nimefundisha watoto miaka thelathini na nane kuhusu nchi ambazo sijazikanyaga," alisema. "Milima nimeipanda ubaoni, mito nimeivuka kwa chaki. Hii ndiyo safari ya kwanza ambayo nitafika kweli. Na mizigo sina. Kama una salamu kwa mama mkwe wako, andika, nitazibeba."

"Mwalimu, usinidhihaki."

"Sikudhihaki. Andika. Ila mwandiko usomeke."

Mama Wanga aliondoka akiwa amekasirika kidogo. Jioni hiyo, akingoja maji yachemke, alijikuta ameshika daftari. Aliandika kurasa nne. Alianza na siku ya kwanza, shuka la waridi la zawadi ya harusi lililofuliwa tena kabla halijalaliwa hata mara moja, akashuka mwaka kwa mwaka.

Mwalimu alizisoma Jumatatu akiwa ameegemea mito, kalamu nyekundu mkononi. Mama Wanga alibadilisha mashuka, akafagia, akafungua dirisha, akarudi kusimama miguuni pa kitanda kama mwanafunzi. Kwenye ukingo wa karatasi kulikuwa na maneno mekundu: Umerudia. Ushahidi? Hili umeshalisema ukurasa wa pili. Hapa unamsema jirani, si yeye. Mwishoni: nne kwa kumi.

"Nne?"

"Ndefu mno. Mimi nitafika nimechoka. Unataka nisimame langoni nasoma kurasa nne, watu wamepanga foleni nyuma yangu?"

Alhamisi alileta ukurasa mmoja, akapata sita. Mwalimu alisema sasa hasira zimepangika, lakini bado hajui anachokitaka kwa huyo mama: anataka kumshtaki, kumwaibisha, au kumwambia kitu? "Salamu hazitumwi kwa mtu ambaye hutaki akujibu," alisema.

Maneno hayo yalimsumbua. Akiwa anasuuza, akiwa anapiga pasi, akiwa anaanika soksi za watu, alijikuta anafikiri juu ya mbinguni kwa namna ambayo mwezi mzima wa mahubiri haukuweza kumfikirisha. Mwalimu atampataje yule mama katika watu wote wale? Bado anakohoa, au kifua kimepona? Goti lake la kushoto, lililokuwa likimtesa akichuchumaa kwenye beseni, sasa linakunjika? Siku moja alisimama na pasi mkononi mpaka ikaacha alama ya kahawia kwenye foronya ya hoteli, jambo lililokuwa halijawahi kutokea, kwa sababu alikuwa anajaribu kuukumbuka uso wa mama mkwe akiwa hafui, na hakuupata.

Jumatatu iliyofuata aliandika mstari mmoja: "Muulize kwa nini alikuwa anazifua tena nguo nilizokwisha kuzifua."

Mwalimu aliusoma, akaiweka kalamu nyekundu juu ya blanketi bila kuandika chochote.

"Hili ni swali zuri," alisema. "Ila sidhani linahitaji kwenda mbali hivyo. Mumeo umemuuliza?"

Hakuwahi. Katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa, kumi na tisa yenye mama mkwe na kumi na miwili bila yeye, hakuwahi kumuuliza mumewe swali hilo. Aliona ni dhahiri: mama hakuridhika na mkwe. Swali la nini?

Alikwenda moja kwa moja hadi kibanda cha mumewe, kapu la mashuka machafu kichwani. Fundi alikuwa ameinamia kufuli la stoo, tupa mkononi, funguo mia mbili zikining'inia ukutani nyuma yake. Aliinua uso.

"Kuna nini?"

"Mama yako alikuwa anafua tena nguo zangu kwa nini?"

Fundi aliweka tupa chini. Siku nne zile za kutosema zilikuwa zimepita, lakini jambo lenyewe walikuwa hawajaligusa. Alitazama kufuli kana kwamba jibu liko ndani yake.

"Kabla hajaja kwetu alikaa kwa kaka mkubwa miaka miwili," alisema. "Shemeji alikuwa mtu mwema. Alimwambia, mama pumzika, usiguse kitu, kazi yako imekwisha. Akamtolea kiti. Mama akakaa kwenye kile kiti miaka miwili kama mzigo wa msafiri. Alipokuja kwetu aliniambia, mwanangu, hapa sikai bure, mtu anayekaa bure siku moja anaulizwa anaondoka lini. Lakini wewe ulikuwa unafanya kila kitu kabla hajaamka. Hukumwachia hata kikombe. Basi akawa anafua ulichofua."

Mama Wanga aliliteremsha kapu. "Ulikuwa unajua haya?"

"Ndiyo."

"Miaka yote hiyo."

"Nilidhani unajua. Mlikuwa wanawake wawili mnaofua, hamgombani, nikaona mmeelewana."

Mama Wanga alikaa kwenye kigoda cha wateja. Alimtazama mume huyu ambaye angeweza kufungua sefu ya mtu kwa waya, akaanza kucheka. Alicheka mpaka muuza matunda wa kibanda cha pili akachungulia. Halafu, bila kupumzika katikati, akawa analia, na muuza matunda akarudisha kichwa ndani.

"Mimi niliamka saa kumi na moja kila siku asipate la kunisema," alisema alipoweza.

"Yeye aliamini unaamka saa kumi na moja asipate la kufanya."

Fundi alichukua kona ya shuka lililotokeza kwenye kapu, akataka kumpa ajifute nalo, akakumbuka ni la mgonjwa, akamtolea leso yake.

"Kanisani siku ile," alisema, "kilichoniuma si ulichoandika. Nilitaka kucheka. Nilijibana mpaka mbavu zikauma. Sasa mtu anamchekaje mama yake mzazi na koti la uzee wa kanisa?"

Alhamisi Mama Wanga alimpelekea Mwalimu ujumbe wa mwisho. Ulisema: "Mwambie nimeelewa, nimechelewa tu. Asimalize kazi yote, aniachie na mimi kidogo."

Mwalimu aliusoma mara mbili, akaandika tisa kwa kumi.

"Hiyo moja imekwenda wapi?"

"Hiyo moja ni fungu la kumi," Mwalimu alisema.

Mama Wanga angependa hadithi iishie hapo, mzee akiwa na utani wake na karatasi chini ya mto. Lakini Jumatatu alipofika, binti alikuwa ameshaondoka na Mwalimu hakutania. Uso ulikuwa umegeuka njano hadi ndani ya macho. Alimshika Mama Wanga kifundo cha mkono kabla hata hajaweka kapu.

"Nilikuwa nasema uongo," alisema. "Mambo ya safari. Najua ramani zote, na hii sina. Usiku nafumba macho na hakuna kitu. Naogopa, mama."

Mama Wanga alitaka kumkimbilia mchungaji. Mchungaji alikuwa mkutanoni, mji wa jirani, hadi jioni. Alitaka kukumbuka aya yoyote, na zile alizozijua zote zilimtoka. Alivuta kiti, akakaa.

"Wewe niambie," Mwalimu alisema. "Kuna nini huko? Wewe pekee hukuandika mawingu."

"Mwalimu, mimi ya dhahabu siyajui."

"Sema unayoyajua."

Alifikiri. Nje kulikuwa na mtu anayegonga bati, akaacha, akaanza tena.

"Hospitali huniletea shuka," alisema, "limelaliwa na mtu siku yake mbaya kuliko zote. Ukilitazama unasema, hili basi, hili lichanwe liwe matambaa. Nalilowesha. Nalisugua, nalisuuza. Mara ya kwanza doa lipo. Mara ya pili lipo, limepauka. Mara ya tatu nalitoa majini, nalitafuta lile doa ili nilisugue tena, na silioni. Nageuza upande huu, nageuza ule, sijui tena lilikuwa wapi. Miaka thelathini na mmoja na bado kila mara nashangaa. Mimi nadhani huko ni hivyo, Mwalimu. Mtu anajitafuta pale alipokuwa na doa na hapaoni."

Mwalimu alikuwa amefumba macho. Mkono haukuachia.

"Endelea."

"Saa nne asubuhi, kamba zote zinakuwa zimejaa. Mashuka matupu, meupe, jua limeyapiga na upepo unaingia chini yake. Mimi hupita katikati. Kushoto shuka, kulia shuka, mashavu yanapoa, siuoni ukuta wala barabara. Harufu ile. Ni dakika mbili, tatu. Siku nzima mimi nafanya kazi kwa ajili ya dakika zile, sijawahi kumwambia mtu. Halafu mteja anagonga mlango. Nadhani huko hakuna anayegonga."

"Na mama mkwe?"

"Yuko upande wa pili wa shuka. Namsikia anakohoa."

"Unamkimbia?"

"Hapana. Nimeshika pembe mbili. Namsubiri ashike hizo nyingine mbili, tulikunje. Shuka kubwa mtu mmoja halikunji vizuri."

Kitu kilikuwa kinamuuma chini ya mbavu. Alidhani ni kiungulia. Kisha akatambua, kwa mshangao wa mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake uko wazi, kwamba anapataka mahali hapo. Hakupataka kwa sababu amehimizwa, wala kwa kuogopa moto. Alipataka kama mtu anavyotaka kurudi nyumbani jioni akiwa amesimama tangu alfajiri. Alikuwa amekwenda kumtuliza mgonjwa, na maneno yalikuwa yamemgeukia yeye mwenyewe.

Mwalimu alilala. Mama Wanga alimwacha amshike mpaka vidole vikalegea vyenyewe.

Mwalimu alifariki Jumatano, saa nne na robo asubuhi, binti yake akiwa pembeni. Binti alisema hakuhangaika. Mama Wanga alipiga pasi suti ya kuzikia. Hakutia wanga. Ujumbe aliuweka mwenyewe mfuko wa ndani, upande wa moyo, na binti alipomuuliza ni karatasi gani, alijibu kwamba baba yake amekubali kumpelekea mzigo mdogo.

Baada ya hapo hakugeuka malaika. Aliendelea kuamini kwamba barabara za dhahabu zinateleza. Alinunua pasi mpya, akaziba jino, akagombana na hoteli juu ya mataulo. Mchungaji alipomuuliza kama sasa anatamani kwenda, alisema ndiyo, anatamani sana, lakini ajue kwamba mtu anaweza kuitamani harusi bila kutaka kufika kabla chakula hakijaiva.

Ila wagonjwa walianza kumwita. Habari zilipita, sijui kwa binti au kwa nani, kwamba dobi anajua kukaa na mtu. Alikwenda kila alipoitwa, na kapu lake. Wengine walitaka ayasimulie yale ya mashuka, naye alisimulia, na kila aliposimulia yalizidi kumuuma palepale chini ya mbavu, maumivu ambayo hakutaka yapone. Wengine walitaka tu wageuzwe upande wa pili.

Wa mwisho ninayemjua alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke wa miaka themanini na saba, kifua kimeisha, ulimi mzima. Mama Wanga alitandika shuka, akakaa, akamuuliza kwa upole kama angependa wazungumze kidogo juu ya huko anakoelekea.

"Huko nitajionea mwenyewe nikifika, tena si siku nyingi," mkunga alisema. "Nimezalisha mji huu wote, na watu wananiletea Biblia tu, hakuna anayeniletea habari. Nani ana mimba?"

Mama Wanga alitazama mlango, akasogeza kiti karibu na mto, akaanza na yule jirani wa kona, ambaye mimba yake ilikuwa ya miezi mitano na mumewe alikuwa safarini kwa miezi minane sasa.